Kishikizo

Kizito kuliko pini, chepesi kuliko ufunguo:
nilitaka kiwe hivyo.
Kikae chini ya kidevu, pale mtandio unapobanwa,
mkono ukikiendea uonekane unatengeneza mtandio tu,
asijue anayetazama.

Springi niliitoa kwenye kalamu ya mwanangu Shaame,
akanuna siku mbili.
Betri ni ya saa. Spika ni ya redio ya marehemu baba,
ile iliyokuwa ikitusomea matangazo ya vifo mchana.
Ganda ni kifuu, nimekipiga msasa
hadi kikaacha kukwaruza shingo.
Plastiki nilijaribu; ikamtoa Mize vipele.

Mize ni mdogo wangu. Hufunga duka la dawa saa nne usiku,
na kutoka hapo hadi kwetu Limbani
kuna nguzo sita na taa moja,
nayo hujiwakia ikitaka.
Hakuniambia kilichompata Mfunguo Nane.
Aliniuliza tu, akikosha miguu:
"Dada, wewe unayefufua simu za watu,
huwezi kunitengenezea kitu cha kupiga kelele?"
Sikuuliza.
Niliwasha chuma cha kulehemu.

Cha kwanza kililia desibeli mia na kumi.
Nilikivuta usiku, njia panda, nikahesabu
hadi mia mbili. Halikufunguka dirisha.
Asubuhi jirani yangu Faki akasema,
"Pikipiki ya Hamadi ile, paka akiigusa tu hulia.
Mtu huzoea."
Mtu huzoea.
Neno hilo nililiandika daftarini, chini ya hesabu za volti,
nikalipigia mstari mara mbili.

Cha pili kilipiga king'ora. Watoto wakakifuata wakicheza.
Cha tatu sitaki kukisema.

Basi nikamwendea mama, uwani, anachambua karafuu.
"Mama, nipigie ukunga niurikodi."
Hakuinua uso.
"Ukunga haupigwi bure, Raya.
Ukipigwa watu hutoka na mapanga,
wengine hata shuka hawajazifunga vizuri.
Utawaambia nini? Kwamba tunapima mtambo?"
Karafuu huku, kikonyo kule.
"Tena mimi cha uongo siwezi. Koo hukataa."

Siku nne kimya. Ya tano, baada ya Isha,
alikuja bandani kwangu, akakalia boksi la chaja,
akasema, "Washa."
Sijui alikwenda wapi alipofumba macho.
Najua alirudi na umri mwengine,
umri wa Mize, au chini yake,
na ile sauti
haikuanzia kooni.

Bati la banda liliitikia.
Kabla sijazima walikuwa mlangoni:
Faki na panga, mke wa Hamadi na mchi,
kijana mmoja na povu la sabuni sikioni.
"Nani? Yuko wapi?"
Mama alikuwa akijifunga upya kanga.
"Mmechelewa," akasema, bila hasira,
kama mtu anayetaja bei ya sukari.
"Miaka thelathini na moja. Lakini ahsanteni."

Hakuna aliyecheka.
Mke wa Hamadi aliulaza mchi chini, taratibu,
kama unaolala.

Sekunde tisa, kisha hurudia.
Mize hukivaa kila siku. Hajakivuta bado.
Usiku, nikishasikia komeo limerudi mahali pake,
huenda nikakitazama pale anapokitundika, msumarini,
kidogo hivyo,
na mama ndani yake, kashika pumzi.

Springi inakaza bado. Kesho nitailegeza:
kidole kinachotetemeka
si kidole cha fundi.