Pua ya Baba

Kisiwani Buru tunauita mti mweupe,
ingawa weupe wake ni wa ganda tu, ganda juu ya ganda,
linabanduka kama kurasa za daftari lililolowa.
Uchome moto leo; mvua mbili zikipita umechipua,
hauna kinyongo.

Mama yangu, Wa Samsia, hachumi majani: anayapurura.
Hushika tawi shinani, huvuta,
tawi hubaki uchi na kiganja kimejaa.
Wali aliotulisha ulikuwa na ladha ya majani.
Samaki pia. Hata kitana.

Baba, La Hamundu, alikeneka usiku,
maana maji ya kijito huwa baridi zaidi usiku
na mvuke bila baridi hauna adabu, unakwenda zake.
Pipa la mbao, kimo cha watu wawili.
Majani ndani, mimi juu yake nikiyakanyaga
mpaka visigino viwake.
Chini, moto wa majani ya juzi yaliyokwisha kamuliwa:
mti unajipika wenyewe.
Shingo ya shaba inapinda, inazama kijitoni,
inaibukia ng'ambo ikidondosha uzi.
Magunia kumi yaliingia.
Alfajiri zilitoka chupa tatu na robo,
mafuta ya kijani kutoka kwenye mti mweupe.
Kijani ni cha shaba, alisema baba. Kila kitu hulipa njia kilikopita.

Naye alilipa.
Wanunuzi wa Namlea hawakuijua siri hii:
baba alikuwa hasikii harufu.
Miaka thelathini mbele ya mvuke.
Kwanza ilipotea karafuu, kisha samaki aliyechacha,
kisha sisi.
Basi alinikalisha juu ya kigogo,
akafungua chupa chini ya pua yangu.
"Unasikia nini?"
Nikisema moshi, alitoa kuni mbili.
Nikisema nyasi, alimgombeza mama: majani machanga haya!
Nikisema, inauma nyuma ya macho,
alicheka kidogo, akaziba kizibo.
Nilikuwa na miaka saba na mshahara wa peremende.

Mafuta yale yalitupaka sote.
Tumbo la mtoto lililojaa upepo, na kitovu chake.
Nyayo za anayepanda meli.
Kifua cha mjomba aliyekohoa kama injini ya mtumbwi.
Kuumwa na mbu, kuumwa na siafu,
kuumwa na kitu ambacho hakijulikani.
Bibi alitia tone kwenye leso ya msibani;
husaidia, alisema, machozi yenye haya.

Siku moja mnunuzi alileta chupa ya mwenzake,
lebo ya dhahabu, bei ya kuchekesha.
Baba hakuinusa. Aliitikisa.
Mapovu yakapanda, yakakaa, yakatutazama.
"Ya kweli mapovu yake hufa upesi," alisema.
"Haya yameoa mafuta ya taa."

Mimi sasa niko Makassar, duka la dawa, zamu ya jioni.
Nauza chupa zisizozidi kidole gumba.
Kina mama wenye watoto mgongoni huuliza: hii ni halisi?
Nazitikisa mbele yao. Nyingine nazirudisha rafuni, kimya,
na mwenye duka ananitazama.

Jana baba alipiga simu.
Goti la mama limegoma. Kijana wa kukanyaga ni mvivu.
Kisha: "Nimekeneka leo. Subiri."
Nikasikia kizibo kikitoka, pu.
Halafu kimya, kimya kirefu,
mpaka nikaelewa kwamba chupa ameiweka
kwenye tundu la simu, hapo ilipokuwa pua yangu.
"Unasikia?"

Nilisikia kijito.
Nilisikia moto ukitafuna, mbwa wa jirani,
na pumzi yake, fupi kuliko mwaka jana.
Nikavuta hewa ya duka, vidonge na vumbi,
nikaivuta mpaka mwisho wa mapafu.
"Nyuma ya macho, baba," nikasema,
na haikuwa uongo.

Akaziba.