Nani Mwenzangu?

Namba yake ninayo tangu Jumatatu.
Nimeiandika kwa kalamu ya bluu
ubavuni mwa mfuko wa saruji,
maana ndiyo karatasi iliyokuwa karibu.
Tarakimu kumi. Nazijua kwa moyo.
Kidole kinafika kwenye ya tisa,
kinakumbuka kuna nguo za kuanua.

Zabibu hazina aibu.
Nyuma ya nyumba yetu hapa Hombolo
ekari moja na robo inaiva bila kuniuliza,
na nyuki wamekwisha kupata habari
kabla ya meneja ununuzi.

Ninyi mnaosema "si umpigie tu,"
hamkumbuki mgeni anavyopokea simu:
ukimya mdogo, pumzi, halafu
"Haloo, nani mwenzangu?"
Niseme nani?
Niseme Nyemo? Akina Nyemo wako wangapi.
Niseme mkulima? Atadhani nataka mkopo.
Niseme binti wa marehemu Ndahani?
Jina la baba linatembea vizuri mpaka kisimani;
likivuka kilima, ni shati la mtu mwingine.

Na salamu je?
Sauti haina mvi ya kutazama.
Nikimwamkia shikamoo kijana wa juzi, atacheka;
nikimnyima mzee, biashara imefia mlangoni.

Baba hakuwa anapiga simu, alikuwa anaita.
Alipanda kichuguu, kiganja sikioni,
akapaza sauti kana kwamba maneno
yanakwenda Manyoni kwa miguu
na yakichoka yatalala Bahi.
Kijiji kizima tulijua bei ya mbuzi,
tukajua na tumbo la shangazi.
Hakuwahi kufuta neno.

Mimi nafuta.
Saa tano usiku, jikoni, kanga ya kulalia,
masizi kwenye kiwiko,
na barua pepe yangu inaondoka imevaa suti:
*Ndugu Meneja,*
*YAH: MAUZO YA ZABIBU.*
Nimeandika "naomba," nikafuta.
Nimeandika "napenda kukujulisha,"
nikajisikia nina kiti cha kuzunguka.
Hakuna anayesikia ninavyocheka nikiogopa,
kicheko kile kibaya, cha msibani.
Hakuna wa kuniambia "dada, fupisha."
Hata kukataliwa kwa maandishi kuna adabu:
kunafika kimyakimya, kunakungoja,
unaweza kwenda kuchota maji kwanza
ukarudi, ukakusoma umekaa.
Kwa simu unakataliwa umesimama,
na vocha ni yako.

Nikatuma.

Siku ya kwanza nikafungua mara kumi na moja.
Siku ya tatu, ndege.
Siku ya nne nyigu, na harufu ya pombe
kwenye vichala vya chini.
Siku ya sita nikaanza kuichukia adabu.
Nikachukua ule mfuko wa saruji,
nikafika tarakimu ya tisa,
nikaenda kumwagia mbuzi maji
ambao walikuwa wamekwisha kunywa.

Siku ya saba niko shambani, mikono inanata,
simu ikaanza kutetemeka juu ya ndoo
kama iliyoingiwa na homa.
Namba isiyo na jina.
Nikaibonyeza kwa kifundo cha kidole.
Ukimya mdogo. Pumzi.
Na mimi, sijui nani alinituma,
nikasema:
"Haloo, nani mwenzangu?"

Upande wa pili mtu akakohoa.
Akaanza jina lake, likamkwama, akalirudia.
Akasema shikamoo, akaghairi, habari za kazi,
akataja barua, akataja sukari, imefika kipimo gani,
samahani, kwanza poleni na jua,
akacheka,
kicheko ambacho ningekitambua hata gizani.

Nyigu alikuwa anatembea kwenye kidole changu.
Nikamwacha atembee.
Pole kaka, nilitaka kumwambia.
Si ungeandika tu.