Chaki ya Mashavu

Mashine ya korona ilikata kauli Jumanne, saa tatu asubuhi,
mara ya tatu tangu mwezi uandame.
Majani ya mkonge yakabaki yamelala foleni kama wagonjwa wa zahanati,
maji ya kijani yakachuruzika, yakakoma,
kikatanda kimya kile tunachokiogopa sisi wa Ngomeni,
maana kimya hakilipwi.

Meneja Kihiyo alishuka na jibu lake mfukoni, limeshakunjwa:
"Ni Sechambo. Anailisha mashine kama analisha mbuzi.
Mkateni siku tatu."
Nikaandika. Mimi ndiye karani wa stoo,
kalamu yangu haina mdomo wa kubisha.
Sechambo akafuta mikono kwenye suruali iliyokakamaa kwa utomvu,
akatazama vidole vyake
kama anayevihesabu.

Jumatano akaja msimamizi mpya kutoka Korogwe,
jina lake Mashavu, na uso wake hauna nyama.
Hakuuliza nani. Aliokota kipande cha chaki,
akauendea ukuta wa karakana.

Mashine imesimama. Kwa nini?
"Mkanda umekatika," akasema fundi Semng'indo, akicheka,
maana mkanda ulikuwa pale pale, kama nyoka aliyepigwa.
Kwa nini umekatika?
"Beringi imeshika moto, ikagoma kuzunguka."
Kwa nini imeshika moto?
Fundi akaacha kucheka.
"Imekauka. Haina grisi hata ya kulainisha bawaba ya mlango."

Wanawake wa uanikaji wakasogea, singa mabegani.
Mmoja akanong'ona, "Huyu anachimba kisima."
Mwenziwe: "Au kaburi."

Kwa nini haina grisi?
"Stoo hakuna. Tangu Mfungo Mosi debe ni tupu.
Nimeomba mara mbili, kwa maandishi."

Hapo chaki ikageuka.
Macho yake sikuyaona, niliiona chaki tu,
fupi, nyeupe, imenielekea mimi.

Fomu ilikuwa mezani kwangu.
Naijua. Miezi miwili nimeiwekea kikombe cha chai juu yake,
ina miviringo ya kahawia kama mihuri ya ofisi isiyokuwapo.
Ningeweza kusema imepotea.
Ningeweza kusema Sechambo.
Jasho lilinishuka mgongoni polepole, kama sisimizi asiye na haraka.

"Ninayo," nikasema. "Sikuipeleka."
Kwa nini?

Nikaikumbuka siku ile ya masika, nimesimama mlangoni kwa meneja,
fomu nyingine mkononi, naye bila kuinua kichwa:
"Grisi mnapaka mashine, au mnalia mihogo?"
Wageni wake wakacheka. Nami nikacheka nao,
nikarudi na karatasi yangu, na tangu hapo
kila fomu nzito kuliko robota la singa.

Nilisema yote hayo? Sikusema.
Nilisema, "Niliogopa,"
na neno likaanguka sakafuni kama nati,
kila mtu akalisikia likibingirika
hadi kwenye viatu vya Meneja Kihiyo.

Mashavu akaandika: karani aliogopa.
Chini yake: kwa nini?
Akamnyooshea meneja chaki.
Hakuipokea. Alitazama saa, akasema mjini Tanga wanamngoja.
Gari likaacha vumbi, na mstari ule
uko mtupu hadi leo. Ukuta mzima umepakwa chokaa,
pale mpakaji aliparuka,
sijui kwa heshima au kwa woga.

Grisi ilikuja Jumamosi, madebe mawili.
Korona inanguruma, tunapigiana kelele kama zamani,
na wakubwa wameusifu utaratibu wetu.

Ila leo Sechambo amekuja dirishani kwangu,
mikono safi, kofia kwapani.
Hakuuliza kwa nini.
"Karani," akasema, "zile siku zangu tatu
zinarudi lini?"

Nimefungua daftari.
Mwandiko ni wangu.