Jina la Nyumbani

Diski mpya nimeifunga kwa skrubu tatu,
ya nne imedondoka, iko chini ya meza
na vumbi lote la Barabara ya Nane.

Kompyuta ikawaka.
Bi Mwanjaa akaandika nywila
kwa kidole kimoja, kile cha subana,
ikamkubalia, ikamfungulia chumba kitupu:
ukuta wa buluu, kapu la taka, basi.
"Mimi mgeni hapa?" akaiuliza.

Vitu vyako vipo, nikamwonyesha:
mabega ya maharusi wa Chumbageni,
viuno, mikono,
deni la mama Semhando tangu Mfungo Mosi.
Ila kila faili linamtaja mwenyewe kwa tarakimu,
mstari mrefu kuliko wa luku.
Jina limebaki kwenye diski iliyokufa.

Nikaitibu akaunti saa nzima.
Umeme ukakatika, ukarudi, nikaanza tena.
Mwisho nikakiri: hii haiponi,
tufungue nyingine, tuhamie huko.
Nikaandika Mwanjaa.
Mashine ikakataa: Mwanjaa yupo tayari.

Alicheka hadi akavua miwani.
"Yupo, haya. Amchukue huyo Mwanjaa wake."
Akanyamaza, akikunja utepe wa kupimia
kidoleni, akiukunjua.
"Andika Chausiku.
Mama alikuwa akiniita hivyo.
Siku hizi hakuna anayelijua."

Mafaili yakahama, moja moja,
kila moja nikilibadilisha mwenyewe.
Magharibi ikaadhiniwa, yangali njiani.

Tukaizima, tukaiwasha.
Karibu, Chausiku, ikaandika.

"Abee," akaitika,
kabla hajakumbuka alipo.