Matundu ya Sindano

Ligi imekwisha Jumapili. Jumatatu asubuhi
kibaraza changu kimejaa, sijafunua hata cherehani.
Furu wa Igogo wamebaki daraja
kwa tofauti ya bao moja,
bao la kujifunga, tena walijifunga wenzetu,
na bado watu wanalalama kama walionyang'anywa kombe.

Lushinge, fundi wa injini za mitumbwi,
oili mpaka kwenye viwiko, anataka mshambuliaji.
"Wa kumsaidia Balele! Kwa kasia moja
mtumbwi hauendi, unazunguka palepale."

Kashindye ametoka Mwaloni kuanika dagaa.
Anavua kandambili, anazikalia,
anasema mabao si shida, shida ni yule kipa
anayedaka kama aliyepewa ashike mtoto wa jirani.
"Kona ikija, yeye anaiamkia."
Tunacheka. Hata mjomba wake kipa anacheka.

Mwalimu Mafuru hacheki.
Amekuja na daftari, juu limeandikwa Hisabati, Tano B,
ndani ni dhambi zetu za msimu mzima:
tumefungwa thelathini na moja,
kumi na tisa zimepitia kushoto.
"Kushoto kwetu," anagonga ukurasa kwa peni,
"ni choo cha stendi siku mlinzi hayupo.
Kila mtu anaingia, hakuna anayelipa."

Basi beki. Hapana, kipa. Hapana,
kiungo mwenye mapafu, yule kijana wa Ukerewe,
yule aliyetunyanyasa siku ya mvua.
Magesa anataka tuuze mawinga wote wawili.
"Nani atawanunua?"
"Ambaye hajawaona."

Na pesa?
Sijui nani aliuliza.
Kimya kikaingia, kikakaa kwenye benchi kama mteja.
Kivuko cha Kamanga kikapiga honi.
Mfuko una laki nne na ushee,
deni la basi la safari ya Shinyanga,
mipira miwili, mmoja una kiraka nilichokishona mimi.

Mimi nashona sare ya shule, sinyanyui kichwa.
Chini ya sare kuna jezi ya kijani.
Katibu aliileta jana usiku, kaifunga kwenye gazeti,
kanong'ona kama anayeleta mirathi:
"Mama Nyanzobe, fumua jina.
Usimwambie mtu mpaka Dar watume hela."

Sangara hamchukii furu.
Ana njaa tu, na mdomo mkubwa.

Nilianza na E ya mwisho.
Nilifumua kwa wembe, polepole, herufi kwa herufi,
nikimkumbuka mtoto wa kubeba barafu
aliyekuja kuniomba kiraka cha kaptula,
akacheza jioni ile ile, akarudi imechanika upya.
Nilipofika kwenye A, taa ikakatika.
B imebaki peke yake mgongoni,
na mbele yake matundu, safu kwa safu,
jina zima linasomeka bila uzi.

"Nawe fundi," Lushinge ananigeukia,
"umenyamaza kama refa aliyehongwa. Sema, tumsajili nani?"

Nikakata uzi kwa meno.
"Yeyote. Kipa, beki, hata huyo wa Ukerewe.
Ila awe na jina refu.
Refu kuliko Balele."

Wakacheka mpaka Kashindye akashika mbavu,
Magesa akaanza kutaja majina marefu ya Wahaya,
akihesabu herufi kwa vidole, vikamwishia.

Mwalimu hakucheka.
Alikuwa anatazama mapaja yangu,
nyuzi nyeupe zilizonasa kwenye khanga,
fupi fupi, nyingi mno kwa sare moja ya shule.
Akafunga daftari.
Akalifungua tena, ukurasa usioandikwa kitu,
akaomba peni yake, aliyokuwa ameishika.