Kalamu ya Risasi

Kwenye fremu ya mlango wa jikoni
nilimpima Lautaro kila Aprili, peasi zikishavunwa:
kisigino ukutani, kitabu kichwani,
mstari mmoja, tarehe,
na kelele zake kwamba ameongezeka zaidi ya hapo.

Mstari wa mwisho ana miaka kumi na tisa.
Mwaka ule injinia Zubeldía alikuja na karatasi,
akaitandaza mezani kando ya donge la mkate,
akachora bomba: linashuka kilomita tatu,
linapinda kama goti, linalala chini ya miti yangu.
"Maji, mchanga, na dawa kidogo.
Mwamba unapasuka nyufa nyembamba kama unywele,
gesi inatoka. Wewe huku juu husikii kitu."
Dawa gani? nikauliza.
Akatazama mikono yangu, akausifu mkate.

Nilitia sahihi. Nisiseme nililazimishwa.
Bonde zima la Río Negro peasi zilikuwa zinaozea kwenye makreti,
mnunuzi anatoa bei isiyotosha hata misumari ya kuyapigilia.
Pesa ile iliezeka paa, ikafuta deni,
ikamrudisha Lautaro kutoka mji mkuu
alikokuwa akiosha sahani za watu.
Alivaa kofia ya kazi, akanawiri.

Na Septemba, sakitu inapoyashukia maua usiku,
zamani tulichoma matairi hadi alfajiri,
tukitema masizi wiki nzima.
Sasa nafungua koki tu.
Ndimi za samawati zinasimama safu kwa safu kati ya miti,
na ua halianguki.
Hili nalo liandikwe.

Halafu Jumanne moja, saa nane usiku,
vikombe viligongana kabatini bila mkono.
Asubuhi palikuwa na ufa juu ya mlango,
mfupi, kama kope.

Ercilia Painemal, jirani wa chini ya mfereji,
aliniletea maji ya kisima chake katika chupa ya mvinyo.
Niliyainua dirishani: utando wa rangirangi,
harufu ya kiberiti.
Kampuni iliyapima, ikasema ni salama.
Siku hiyohiyo ikamletea tangi la maji mengine.

"Bomba letu lina saruji tabaka kwa tabaka, Mama,
mimi mwenyewe nimeimwaga," anasema Lautaro.
Anasema akiwa amekaa na mgongo kwa mlango.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Nimeziba. Mara mbili, kwa chokaa.
Ule wa kilomita tatu chini sina ngazi ya kuufikia,
na anayelipwa kuupasua ni mwanangu,
zamu ya usiku.

Unashuka kando ya fremu.
Mwezi huu umefika kimo chake cha miaka kumi na mitatu,
mwaka aliovunja jino.
Birika linachemka; moto safi, hauna moshi.
Nachonga kalamu kwa kisu cha mkate.
Mstari mmoja. Tarehe.