Chupa Tatu

Zimefika na basi la asubuhi, zimefungwa kwa leso,
chupa tatu za soda zilizobanduliwa karatasi.
Kondakta kanikabidhi pale Mwembe Tayari,
kanusa vidole vyake, kanitazama:
"Dada, hii ni dawa ama ni nini?"
Ni maji, nikamwambia.
Hakucheka.

Ya kwanza imeandikwa kwa wino wa kalamu nene: NDARO, JUU.
Huko mkonge huoshwa, na mto hutoka kiwandani
una rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Ya pili ni ya Bi Mwanamvua, chini, upande wetu,
ambaye bamia zake zimejikunja kama masikio ya mbuzi mgonjwa,
na ambaye husema "wale" akimkusudia Ndaro,
ingawa bibi zao walilala tumbo moja
na Kidigo chao hakijui kigingi cha mpaka kimechimbiwa wapi.

Ya tatu haina jina.

Maabara yangu iko Tudor, ghorofa ya pili, dirisha halifungi.
Nimewasha mashine inayokohoa, nimechukua fomu.
Fomu yauliza: Nchi ya asili.
Kijisanduku kimoja.
Maji yaliyozaliwa kwenye ukungu wa milima ya kule,
yakanywewa na ng'ombe wa huku,
yakafulia nguo za pande mbili,
niyape uraia gani?

Ya juu: mabaya.
Ya chini: mabaya, na juu yake mbolea yetu na mavi yetu.
Ya tatu iliipeleka sindano ikagonga ukingo, ikabaki hapo.

Nikampigia Chengo, kijana wa kupitisha mizigo forodhani.
"Nliteka pale kati," akasema,
"baina ya lango lao na lango letu, malori yanapolala siku nne
yakingoja muhuri. Oili humwagwa pale. Betri huoshwa pale.
Kuna kamfereji, kashuka mtoni.
Askari wa kwao asema si kwake.
Wetu naye ana kiti, hana ufagio."

Saa saba Ndaro alipiga: "Ni wao?"
Saa tisa, Bi Mwanamvua: "Ni wao, sio?"
Niliwajibu wote wawili kuwa matokeo bado,
na wino ulikuwa umekwisha kukauka mezani.

Jioni nikasimama kwenye sinki na masalio,
kidole juu ya kifuniko.
Sinki lina bomba. Bomba lapita nyuma ya gereji,
lashuka na ngazi za mawe, na baada ya hapo
hakuna fundi aliyewahi kuniambia.
Dirishani naiona mikoko ya hori,
na watoto wawili wamejipinda, wachokora kaa.

Nikazirudisha chupa kwenye leso, nikakaza fundo.
Leso ina jina lake, kama leso zote:
MAJI YAKIMWAGIKA,
na neno la mwisho limo ndani ya fundo.